Samli ya shangazi, intavyuu mbili na meli ya saa nane

Mwaka jana mwishoni mwa mwezi wa nane, watoto wamefunga shule likizo ya muhula wa pili, nilifanya ujanja ambao mpaka leo mume wangu akiukumbuka anacheka peke yake jikoni. Niliomba livu ya siku tano kazini, nikamwambia bosi nawapeleka watoto Kalangala, kule visiwani. Haikua uongo, Kalangala tulikua tunaenda kweli. Ila tulikua tunaenda Ijumaa. Jumatatu mpaka Alhamisi nilikua na yangu, intavyuu moja hapa hapa Kampala na nyingine Nairobi, na sikutaka mtu ofisini ajue maana sisi tuko watu saba tu, ukipiga chafya stoo askari wa getini anakuambia pole.

Kazi yangu ni kliaringi. Kontena likishuka Mombasa linakuja kwa barabara mpaka Kampala, kilomita kama 1,170 hivi, na mimi ndio wa kuhangaika na makaratasi ya forodha, kodi, madereva na simu za usiku wa manane. Miaka minane nafanya hiyo kazi na naipenda, nisiseme uongo. Mshahara ndio ulikua umenichosha.

Basi Jumatatu. Ofisi iko Industrial Area, hapa Kampala, nimefika mapema nusu saa nzima, nikaitwa ndani nikakuta watu watano wamekaa upande mmoja wa meza na mimi peke yangu upande wa pili kama mtu aliyeshikwa na kuku wa jirani. Nilikua nimesoma jamani. Wiki mbili narudia majibu mbele ya kioo, udhaifu wako nini, miaka mitano ijayo utakua wapi, kila swali lina jibu lake na jibu lina tabasamu lake. Nikayamwaga yote kama mtoto anayesoma shairi siku ya wazazi. Nikaona wanatikisa vichwa nikajua hapa nimeshinda.

Alafu mama mmoja akauliza, unategemea mshahara gani? Nikataja. Kukawa kimya, labda sekunde tatu, yule mama alikua anaandika tu, na ule ukimya ukanishinda nikasema "lakini naweza kushuka kidogo", nikataja ya chini, bado wananiangalia tu, nikasema "hata hiyo tunaweza kuongea". Hakuna mtu pale aliyenikatalia! Nilijikatalia mwenyewe mara mbili ndani ya dakika moja, na mimi ndio yule nikienda soko la Owino kununua gauni la mtumba nabishana mpaka muuzaji anauliza kama nimekula.

Jioni namsimulia mume wangu, ananisikiliza anamenya ndizi za gonja, akauliza swali moja tu, hiyo namba uliyowaambia ni kabla ya makato au baada ya makato? Nikanyamaza. Maana namba niliyokua nayo kichwani ni ile ninayoipokea mkononi, na wao wanaandika ile ya juu kabla ya PAYE, kodi ya mshahara, kula asilimia 30 ya sehemu kubwa na NSSF, mfuko wa uzeeni, kuchukua 5 yake (mwajiri anaweka 10 yake lakini hiyo huioni mpaka uzeeke). Tukapiga hesabu kwenye karatasi ya daftari la mtoto. Kumbe nilikua nimeomba, kwa heshima zote, kupunguziwa mshahara.

Jumanne nilifua, nikapanga mabegi ya watoto, sina la kusema. Ila jioni mama yangu alifika kutoka Bombo na kopo la samli. Hapa inabidi nieleze kidogo. Sisi ni Wanubi, babu zetu walikua askari wa Kisudani waliokuja na Waingereza, wengine wakabaki Bombo, wengine wakapewa kukaa Kibera kule Nairobi, kwa hiyo ukoo wetu uko pande zote mbili za mpaka na kila anayesafiri anabebeshwa kitu. Na mama akishajua unaenda Nairobi hakuulizi unaenda kufanya nini, anauliza unalala wapi. Nikasema kwa shangazi, Makina, huko huko Kibera. Ndio kopo likatoka kwenye kikapu, lita mbili, limefungwa kaveera tatu, mifuko ya plastiki.

"Mpelekee shangazi yako, kule hawana samli, wana ya dukani."

Jumatano ndege ilikua jioni. Kutoka Kireka mpaka Entebbe, Nothani Baipasi mpaka Busega, tukalipa elfu tano ya ekspresiwei, tulitumia masaa mawili na kitu, na hewani kwenda Nairobi ni lisaa limoja tu, sasa sijui safari ni ipi hapo. Nilikua na kitambulisho cha taifa, maana tangu 2014 sisi na Wakenya na Wanyarwanda tunavuka hivyo bila pasipoti, na kadi ya njano ya chanjo nimeiweka kwenye faili la vyeti. Kibegi changu ni kimoja, kidogo, cha kupanda nacho. Ndani kuna suti, viatu, nguo ya kulalia na lile kopo.

Dada wa kaunta akauliza, kuna kitu cha majimaji humo? Nikasema samli. Akaniangalia. Akasema nyabo (yaani bibie), ndani ya ndege hairuhusiwi kitu kinachozidi mililita 100, ama uache hiyo samli ama begi liende chini na mizigo mingine. Sasa mtu mwenye akili angetoa kopo akampa dereva arudi nalo nyumbani, au angetoa suti akaivaa mkononi. Mimi nilichofikiria ni uso wa mama yangu. Nikasema pelekeni begi chini. Nikabaki na mkoba na faili la vyeti, na miguuni nimevaa ndala za ngozi kwa sababu ya kustarehe safarini.

Nadhani umeshaelewa. Nairobi tumefika, mkanda wa mizigo ukazunguka, watu wakachukua mabegi yao mmoja mmoja mpaka nikabaki mimi na boksi moja la mtu lililopasuka. Begi halipo. Nikajaza fomu, rangi gani, ukubwa gani, ndani kuna nini, nikaandika suti, viatu, samli. Yule kijana akasoma akauliza samli ni nini, nikamwambia siagi ya nyumbani, akaandika siagi. Kitu kilichoniokoa ni ile lebo ndogo ya namba wanayokubandikia kwenye karatasi ya kupandia, mimi kawaida naitupa, siku hiyo ilikua imeganda nyuma ya kadi ya njano. Akasema litakuja na ndege ya kesho. Kesho saa ngapi? Kesho.

Nimefika Makina saa nne usiku sina nguo, sina viatu, sina samli. Shangazi alinikumbatia alafu akaangalia nyuma yangu kama kuna mtu amebeba kitu. Nikamweleza, akacheka mpaka akakaa chini, "yaani mwanangu umeleta hadithi ya samli." Binti yake anafanya kazi ofisini, akatoa suti yake ya kijivu, nzuri tu, lakini yeye ni mtu amejaliwa na mimi ni fito, wakaibana kiunoni kwa pini nne na mgongoni pini tatu, jumla saba. Wakaniambia usivue koti na usiiname. Viatu vyake namba 38, mimi 40.

Kwa hiyo Alhamisi asubuhi na mapema mimi na shangazi tuko soko la Toi tunatafuta viatu vya mtumba. Hapo ndipo nilipopata shule yangu ya wiki nzima. Kijana akataja elfu moja na mia mbili, za Kenya. Shangazi akasema mia nne. Basi. Hakusema "tafadhali", hakusema "vimechakaa", hakusema mwanangu ana intavyuu. Alisema mia nne akageuka akaanza kuangalia masufuria ya jirani. Kijana akaongea, mama hii ni ngozi, mama angalia soli, mama leta mia nane, mama basi mia sita, yule mama yuko na sufuria anaigonga kwa kidole anasikiliza mlio. Viatu tulichukua mia nne na hamsini na nafikiri hiyo hamsini aliiongeza kwa huruma.

Saa nne niko Upper Hill. Hawa walikua watatu tu. Kiingereza kidogo, CV yangu, maswali ya kawaida, na mimi safari hii sikua na shairi kwa sababu akili yote ilikua mgongoni kwenye pini. Alafu mzee mmoja aliyekua kimya muda wote akaniambia kwa Kiswahili, "Saa nane usiku. Dereva wako yuko karibu na mpaka wa Malaba, siili imepiga alamu, anaapa hajagusa mlango. Amekupigia. Mwambie."

Hakusema niambie ungefanya nini. Alisema mwambie. Sasa hizo siili, vifungo vya elektroniki vya mlango wa kontena, tunazijua, zile za kufuatilia mzigo ambazo mamlaka za kodi za Uganda, Kenya na Rwanda zimeunganisha tangu 2017, mzigo ukitoka nje ya njia au mlango ukiguswa inalia huko kwenye sentro na watu wanatumwa barabarani. Nimezilaani usiku mwingi. Nikajikuta naongea kama niko kitandani nimeshika simu: "Ndugu yangu, pole, uko wapi hasa? Zima injini, usisogeze gari hata hatua moja. Usiiguse siili. Ipige picha, namba ionekane, na mlango wote, unitumie sasa hivi. Uko na nani hapo? Mwambie tanboi asishuke upande wa nyuma. Watakuja watu wa forodha, usibishane nao, wape karatasi, waambie namba yangu. Mimi napiga sentro saa hii. Umekula?"

Wakacheka kwenye hilo la umekula. Lakini mimi ndivyo ninavyoongea nao, dereva mwenye njaa na hofu anafanya ujinga. Nikawaelezea na ile Januari 2022 Malaba, wakati madereva waligomea kupimwa Covid kwa lazima na foleni ikaenda makilomita na makilomita ndani ya Kenya, mimi nilikua na kontena tatu mle katikati na kazi yangu kwa siku kadhaa ilikua ni kutuma hela ya chakula kwa simu na kusikiliza watu wazima wakilia.

Na nifungue mabano hapa. Shuleni Kampala nilikua nachekwa kwa hiki Kiswahili. Watu walikua wanasema ni lugha ya wanajeshi na wezi, ukiongea kwenye teksi watu wanashika mikoba. Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kiwe lugha rasmi, sawa, tumeshukuru, lakini barabara ya kutoka Mombasa haijawahi kusubiri baraza la mawaziri. Huko ukijua Kiingereza tu utasikia habari ya mzigo wako wiki moja baada ya kila mtu.

Alafu lile swali. Mshahara? Nikataja, na nikasema "kabla ya makato". Kimya. Yule dada wa katikati akaandika. Nikaanza kuhesabu pini mgongoni, moja inanichoma, mbili, tatu, nikahamia kiunoni. Sikua na masufuria ya kuangalia, nikaangalia dirishani, kuna fundi anapaka rangi jengo la pili. Nikafika pini ya sita ndio yule mzee akasema, "Haya. Una swali kwetu?"

Nimetoka pale natembea kama mtu aliyekunywa kitu. Niko kwenye matatu kurudi Makina, bosi huyo kwenye simu. Anauliza faili la mteja fulani liko wapi. Na kondakta, kichwa nje, anaita abiria wa Ngong Road kwa nguvu zake zote. Bosi akasikia.

"Nyabo, hiyo nini?"

"Televisheni ya hoteli, ssebo."

"Eh. Kalangala siku hizi kuna matatu za Ngong Road kwenye televisheni." Akakata.

Ndege ya usiku ikasogezwa mpaka Ijumaa asubuhi, asubuhi ikasogezwa mpaka karibu na adhuhuri, sababu hatukuambiwa. Hapo mume wangu na watoto wako kivukoni Nakiwogo, Entebbe, gari ameshaliingiza kwenye foleni ya kupanda, maana MV Kalangala inaondoka saa nane mchana na inachukua magari machache sana, ukichelewa asubuhi gari linabaki. Begi langu nikalikuta uwanjani Nairobi, zima, kopo zima, kaveera tatu. Muda wa kurudi Makina haupo. Kulibeba ndani siwezi. Nikalikabidhi tena chini, roho mkononi.

Entebbe nimetua saa saba kasoro dakika kumi. Foleni ya uhamiaji. Mkanda wa mizigo. Mume wangu anatuma meseji kila dakika tano, ya mwisho ilikua neno moja, "nyabo", na huyo hajawahi kuniita nyabo tangu tuoane. Begi likatoka la mwisho kabisa saa saba na dakika ishirini na mbili, nikalibeba kichwani nikakimbia nikachukua spesho, teksi ya kukodi peke yako, dereva akataja bei ya wizi, nikalipa, hapo si mahali pa kunyamaza. Nakiwogo si mbali na uwanja, saa nane kasoro dakika tano niko getini naonyesha kitambulisho, mtoto wangu mdogo ananipungia kutoka juu ya meli na mdomo umejaa chapati.

Masaa matatu na nusu mpaka gati la Lutoboka, Kalangala. Ningependa kusema niliangalia ziwa, nililala. Suti ya pini bado mwilini, nimeegemea begi la samli, mate yananitoka, picha ipo, mume wangu ameiweka kama picha ya namba yangu kwenye simu yake.

Jumamosi asubuhi nimepanda juu kwenye mji wa Kalangala kutafuta mtandao, simu ikaanza kutetemeka. Meseji ya bosi, ya Ijumaa saa tisa mchana: "Watu wa Nairobi wamenipigia. Wanauliza habari zako. Starehe na samaki."

Banange. Miguu iliisha. Ile fomu ya kuombea kazi Nairobi ilitaka mdhamini mmoja awe bosi wako wa sasa, nikamwandika nikijua wanapiga mwishoni kabisa ukishapewa kazi, kumbe hawa wanapiga siku inayofuata. Na kulikua na nafasi pale chini ya fomu ya kuandika "msimpigie kabla ya kuniambia", niliiona, nikaiacha wazi, sijui niliona aibu gani. Siku nzima nikawa mtu wa hovyo. Watoto wanataka ziwani, nawaambia kuna kichocho, ambayo ni kweli, Nalubaale, yaani Ziwa Viktoria, ina kichocho na si ya kuingia ovyo, lakini sikua nafikiria kichocho. Binti yangu mkubwa, ana miaka tisa, akaniambia "mama wewe hata hapa uko kazini", akaenda zake kuangalia tumbili wanaiba mkate wa watu.

Jioni mume wangu akaninyang'anya simu, akapiga yeye, akanipa. Nikaanza kuomba msamaha kabla hata ya salamu. Bosi akaniacha niongee mpaka nikaisha. Huyu pia anajua kunyamaza, sijui kwa nini sikuwahi kuliona miaka minane.

"Nimewaambia ukweli," akasema. "Nimewaambia unawajua madereva kuliko wake zao. Na nimewaambia hujawahi kuwahi Jumatatu hata moja." Alafu akaniuliza wamesema watatoa ngapi. Nikamtajia niliyoomba. Akapiga mluzi. Akasema turudi tuongee, na kwamba lile faili amelipata, lilikua juu ya meza yake.

Usiku huo tulikula sangara wa kukaanga na posho, yaani ugali, na ile samli ya shangazi ikafunguliwa, watoto wakaipaka kwenye kila kitu mpaka ndizi. Mama yangu mpaka leo anajua ilifika Makina. Shangazi amekubali kusema hivyo kwa masharti, nimeshamtumia kopo mbili kwa basi.

Tulirudi Jumapili kwa upande wa pili, feri ya bure kutoka Luku mpaka Bukakata, tukatokea Masaka, Lukaya tukasimama kununua nyama ya vijiti na gonja maana hakuna anayepita Lukaya akiwa amefunga kioo, Kayabwe watoto wakaruka mstari wa ikweta huku na huku mara ishirini. Kampuni ya Industrial Area hawajaniandikia mpaka hii leo. Nairobi waliandika baada ya siku kumi, wakataka niwe nakaa Malaba wiki mbili kila mwezi, tukavutana, na namba waliyokuja nayo ilikua chini ya niliyotaja, sikuwajibu siku tatu, wakaongeza. Mwishowe nilichagua nini na bosi alisema nini ni maneno marefu.

Ila ile Jumatatu ya kurudi kazini niliamka saa kumi na moja. Saa moja na dakika arobaini niko ofisini, hata askari alishtuka. Bosi alikua ameshafika, anakunywa chai. Akaangalia saa yake, akaniangalia, akaangalia saa tena.